Faraja ya Waliovunjika: Ushirika wa Uamsho katika Nyakati Ngumu za Afrika Mashariki

Kanisa linapokabiliwa na njaa, vita au mateso hutakiwa kujibu swali moja la kivitendo, nalo ni hili: nani atamtia moyo mwenzake, kwa haki gani, na kwa maneno ya namna gani? Mazungumzo ya leo yanaliangalia jibu lililotolewa na Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani harakati ya kiroho iliyoanza katika vituo vya misheni ya Kianglikana nchini Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda kati ya mwaka 1929 na 1935, kisha ikaenea Burundi, Kenya na Tanganyika, na ambayo wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda balokole, maana yake waliookoka. Kiswahili kimelichukua jina hilo na kulifanya walokole, ingawa leo linatumika kwa upana zaidi, hata kwa Wapentekoste ambao hawana uhusiano wa moja kwa moja na harakati hiyo. Jibu la Uamsho liliwashangaza wengi waliolisikia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa lilidai kwamba mwenye haki ya kufariji ni yule aliyekwisha kukiri mbele ya watu kuwa yeye mwenyewe ameshindwa.

Uamsho haukuzaliwa katika shibe. Katika miaka ya 1928 na 1929 mashariki mwa Rwanda palikumbwa na njaa kali ambayo Wanyarwanda wanaikumbuka kwa jina la Rwakayihura, njaa iliyowaua watu wengi na kuwalazimisha wengine kuhamia Uganda na Tanganyika kutafuta chakula na kazi. Katika eneo hilo, kando ya Ziwa Muhazi, kilikuwapo kituo cha Gahini chenye hospitali changa ya Misheni ya Ruanda, tawi la chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza kinachofahamika kwa kifupi kama CMS, na humo ndimo daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alimoanzia kazi mwaka 1928, wagonjwa na wenye njaa wakimjia kwa wingi kuliko uwezo wa hospitali yake. Mwezi Septemba mwaka uliofuata, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa ukoo wa heshima aliyekuwa na kazi serikalini, ambaye naye alikuwa akitafuta kitu ambacho ibada za kawaida hazikuwa zimempa. Wawili hao walisoma Biblia na kuomba pamoja, na walipoachana kila mmoja alijiona ametiwa nguvu na mwenzake.

Wanahistoria wa kanisa hupenda kulitaja tukio hilo kama chemchemi ya Uamsho kisha wakapita haraka, ilhali kilicho na uzito zaidi ni mwelekeo wa faraja yenyewe. Katika mfumo wa kikoloni faraja, kama ilivyokuwa kwa dawa, elimu na amri, ilitarajiwa kutoka kwa Mzungu kwenda kwa Mwafrika, na ndani ya kanisa ilitarajiwa kutoka kwa kasisi kwenda kwa muumini. Hapa daktari wa misheni aliinuliwa na Mwafrika asiyekuwa kasisi, tena kwa sababu alikubali kumweleza udhaifu wake badala ya kumhubiria. Mwelekeo huohuo ulionekana tena Gahini kwenyewe, ambako Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifundisha katika shule ya wainjilisti, na ambako Yosiya Kinuka, kiongozi wa wasaidizi wa hospitali, alipitia kipindi cha uchungu na manung'uniko kabla ya kuwa mmoja wa nguzo za harakati. Mkutano uliofanyika Gahini mwishoni mwa mwaka 1933 ndio uliofungua mlango wa kukiri hadharani, kwani watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine kueleza wizi, chuki na unafiki wao. Kigozi alifariki mapema mwaka 1936, na kifo chake kiliwasukuma wenzake kwenda mbali zaidi badala ya kuwakatisha tamaa.

Kiungo kikuu cha harakati hiyo kiliitwa ushirika. Neno hilo, katika matumizi ya watu wa Uamsho, lina maana mahususi kuliko lile la vyama vya mazao na akiba: ni mkutano mdogo wa waumini wanaofahamiana, unaofanyika walau mara moja kwa wiki, nyumbani kwa mmoja wao, chini ya mti au ndani ya jengo la kanisa baada ya ibada, ambamo husomwa sehemu ya Maandiko, huimbwa, kisha yeyote, awe mwanamume au mwanamke, msomi au asiyejua kusoma, hupewa nafasi ya kusema. Kinachosemwa humo huitwa ushuhuda, na ushuhuda wa Uamsho ulikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote lakini kila mmoja aliyajua. Ulipaswa kuhusu hali ya msemaji mwenyewe na si ya jirani yake, ulipaswa kuwa wa siku za karibuni na si hadithi ya wokovu wa miaka kumi iliyopita, na ulipaswa kutaja jambo kwa jina lake, kwamba mtu amemdhulumu mfanyakazi wake, amemwonea wivu mwenzake, au amekata tamaa na Mungu baada ya kumzika mtoto. Tendo hilo liliitwa kutembea nuruni, usemi unaotokana na Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 1, mstari wa 7, ambako mwandishi anaufunga uhusiano wa waumini wao kwa wao na kukubali kwao kuishi bila kujificha. Hali ya moyo iliyotakiwa iliitwa kuvunjika, maana yake kuacha kujitetea.

Kukiri hakukuishia mdomoni, kwa kuwa kulifuatwa na kurejesha, yaani kumrudishia mwenyewe kile kilichochukuliwa kwa hila. Vyanzo vingi vya miaka ya 1930 na 1940 vinaeleza jinsi watu walivyorudisha fedha, vifaa vya hospitali na mifugo, na jinsi maofisa wa kikoloni walivyobaki wakishangaa kuona mtu akija kwa miguu kulipa kodi aliyokwepa ambayo hakuna aliyemdai. Wamisionari nao waliguswa pabaya, kwani baadhi yao walisimama mbele ya Waafrika kuungama dharau ya rangi waliyokuwa wameificha chini ya adabu, na katika zama ambapo kula meza moja kulihesabika kuwa jambo zito, maungamo hayo yalibadili kabisa namna watu walivyotazamana.

Uhusiano wa mambo haya na faraja hauonekani mara moja, na pengine ndiyo sababu wachunguzi wengi waliutazama Uamsho kama harakati ya kutubu tu. Anayesikiliza ushuhuda wa namna hiyo, ikiwa mwenyewe amebeba mzigo, hugundua kwamba hayuko peke yake na kwamba hatahukumiwa akisema, na hapo ndipo maneno ya imani, ambayo huenda aliyasikia mara nyingi bila kuguswa, yanapopata uzito, kwa sababu yanatoka kinywani mwa mtu ambaye hana cha kuficha. Paulo, katika mwanzo wa Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anaeleza kwamba Mungu huwafariji walio katika dhiki ili nao waweze kuwafariji wengine kwa faraja ileile waliyoipokea; watu wa Uamsho waliichukua kauli hiyo kama kanuni ya utendaji, wakaamini kwamba mtu hawezi kugawa alichokuwa hajapokea. Baada ya mtu kusema, wenzake hawakumpa mashauri, bali waliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu uliokuwa alama ya harakati nzima, wakamkumbatia au kumshika mkono, na mkutano ukaendelea. Ukimya huo wa mashauri ni jambo la hekima ambalo wafariji wa leo wangefaa kulitafakari, hasa wale ambao hawawezi kuketi na mfiwa kwa dakika tano bila kumweleza sababu ya msiba wake.

Faraja hiyo ilikuwa na mikono pia. Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa Uamsho aliyekuwa askofu wa Kilutheri kuanzia mwaka 1964 na baadaye Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, aliandika mwaka 1974 kitabu kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu, na suala hilo la ukoo ndilo ufunguo wa kuelewa ushirika ulivyofanya kazi katika jamii za maziwa makuu. Mtu aliyeokoka mara nyingi aligombana na ukoo wake, kwa kuwa alikataa matambiko, pombe ya sherehe na ndoa ya wake wengi, na kwa kufanya hivyo alijitenga na watu ambao wangemlimia akiugua na kumzika akifa. Ushirika ukachukua kazi hizo: ndugu walisimamia posa na mahari, walilima shamba la mjane, walikesha na mgonjwa, walichimba kaburi. Ndugu aliyesafiri kutoka Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, hadi Bukoba nchini Tanganyika, au kutoka Rwanda hadi Kabete nchini Kenya, alipokewa na watu ambao hakuwahi kuwaona, akapewa chakula na mahali pa kulala, na usiku akaombwa aeleze moyo wake ukoje. Bila mtandao huo wa ukarimu maneno ya ushuhuda yangekauka upesi.

Majaribu makubwa ya kwanza nje ya Rwanda na Uganda yalikuja Kenya. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 kutokana na vita vya Mau Mau, watu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walijikuta kati ya pande mbili. Walikataa kula kiapo cha wapiganaji, kwa kuwa kiapo hicho kilihusisha damu ya mnyama nao waliamini kwamba damu ya Kristo ilitosha, na wengi wao walikataa vilevile kubeba silaha za Homu Gadi, yaani askari wa vijijini waliounga mkono serikali, kwa hoja kwamba hawawezi kumuua mtu ambaye wanamhubiria. Walilipa kwa kushukiwa na pande zote, na baadhi yao waliuawa. Katika Kanisa Kuu la Murang'a, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati huo, mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mkoani Kilimanjaro, alichora katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 picha kubwa za ukutani zinazomwonyesha Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, akiwa Mwafrika katika mandhari ya milima na vijiji vya hapo hapo. Ni vigumu kupata tafsiri bora zaidi ya kile ambacho ushirika ulikuwa ukisema kwa maneno, kwamba mateso ya watu wa Murang'a yalikuwa yamebebwa na mtu anayefanana nao.

Hata hivyo msimamo huo usipambwe kupita kiasi. Wakikuyu walioingia msituni walikuwa na madai ya haki kuhusu ardhi iliyonyang'anywa, na ushirika haukuwa na jibu la suala la ardhi. Ulikuwa na jibu la chuki, jambo ambalo ni kubwa lakini si hilo lililoulizwa. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu Uamsho na uzalendo wa kikabila, ameonyesha kwamba wazee waliokuwa wakijenga heshima ya makabila yao waliwaona walokole kuwa watu hatari, kwa sababu kukiri kwao hadharani kulimwaga siri za nyumba na kuaibisha koo. Lawama hiyo haikuwa ya uongo. Anayekiri uzinzi wake mbele ya watu, hata akijitahidi kusema habari zake tu, amemtaja mtu wa pili, na mtu huyo wa pili hakuulizwa kama anataka kutembea nuruni.

Nchini Uganda jaribio lilikuja kwa sura nyingine, yaani utawala wa Idi Amin kuanzia mwaka 1971 hadi 1979. Janani Luwum, mwalimu kutoka Acholi aliyeokoka katika Uamsho mwezi Januari 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana tangu mwaka 1974, na mwezi Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji na kupotea kwa watu. Tarehe 16 mwezi huohuo alikamatwa na kuuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Mwili wake ulipelekwa moja kwa moja kijijini kwao Mucwini, lakini Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, na siku chache baadaye maelfu ya watu walikusanyika kanisani hapo na kuimba kando ya kaburi tupu, ingawa kila mmoja alijua kwamba majasusi wa serikali walikuwamo kati yao. Watu hao hawakuwa wamefundishwa ujasiri katika wiki hiyo, kwa kuwa wengi walikuwa na desturi ya ushirika ya miaka thelathini na zaidi, nayo desturi hiyo ilikuwa imewazoeza kusema ukweli mbele ya wengine hata pale unapogharimu.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma nchini Tanganyika na aliyezijua vizuri nchi zote mbili, alikimbia Uganda usiku baada ya kifo hicho. Kitabu alichotoa mwaka huohuo, I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin, kiliwaudhi Waganda wengi waliokuwa uhamishoni, na mtu anaweza kuelewa kwa nini. Lakini msingi wake ni ule ule wa ushirika: Kivengere anaeleza kwamba akiwa London siku ya Ijumaa Kuu aligundua kuwa chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikimkausha moyo, akatubu kwanza chuki hiyo, ndipo akapata la kuwaambia wakimbizi wenzake. Hakudai kwamba Amin hakukosea, na tangu awali alikuwa amemkabili mtawala huyo kwa maneno ya wazi kuhusu mauaji. Alichokataa ni kuwafariji watu kwa moyo ambao mwenyewe alijua kuwa una sumu.

Palipo pagumu kuliko pote ni Rwanda. Nchi iliyozaa Uamsho ndiyo iliyoshuhudia mwaka 1994 mauaji ya kimbari ambamo watu waliuawa makanisani, wakati mwingine kwa msaada wa wale waliokuwa wakiwahubiria. Baadhi ya watu wa Uamsho walisimama imara tangu mapema. Mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, aliyewahudumia wakimbizi wa Kitutsi waliohamishiwa huko, aliuawa na askari mwezi Januari 1964, na mwenzake aliyenusurika alisimulia kwamba alikwenda kwenye kifo chake akiimba. Wengine, Wahutu kwa Watutsi, walikufa mwaka 1994 kwa kukataa kutenganishwa. Lakini harakati kwa jumla haikuwa imeifundisha lugha ya toba kutaja dhambi zinazotendwa na taasisi, na mtu aliyeweza kukiri kwamba aliiba kalamu ya ofisi hakuwa na neno la kukiri kwamba ofisi yenyewe iligawa watu kwa vitambulisho vya kabila. Huo ni upungufu wa ndani kabisa, si ajali ya historia, na faraja inayotolewa kwa watu wanaonyanyaswa bila kumtaja anayewanyanyasa hugeuka kuwa ganzi. Luwum na Kivengere walilivuka pengo hilo, na inafaa kukumbukwa kwamba walilivuka wakiwa na nyenzo zile zile za ushirika, jambo linaloonyesha kwamba upungufu haukuwa wa lazima.

Kuna upungufu mwingine ambao watu wa Uamsho wenyewe waliujua. Tayari mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono nchini Uganda, miongoni mwao William Nagenda, kiongozi wa baadaye wa harakati, baada ya mgogoro kuhusu mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao, na ingawa uongozi wa chuo ulikosa uvumilivu, wanafunzi nao walikuwa wamekwisha kuanza kupima wokovu wa walimu wao. Miaka ya baadaye vikundi vilivyojiona kuwa vimeamka zaidi ya wengine vilijitenga vikidai ukali zaidi kuhusu mavazi, mikopo na mali. Ushuhuda uliokuwa zawadi ukawa mtihani, na aliyefiwa, badala ya kupokewa, akaulizwa ni dhambi gani hajaiweka nuruni.

Swali hilo la mwisho linasikika leo kwa sauti kubwa zaidi katika injili ya mafanikio, yaani mafundisho yanayoahidi afya na mali kwa mwenye imani ya kutosha, ambayo yana kasoro ile ile bila kuwa na dawa yake. Mhubiri wa jukwaani hueleza ushindi wake, hasemi kushindwa kwake. Anayemsikiliza, akirudi nyumbani na ugonjwa wake uleule, hana budi kuhitimisha kwamba kosa ni lake. Makundi ya simu nayo, yanayotuma mafungu ya Maandiko kila alfajiri kwa mamia ya watu, yanafanya kazi nzuri kwa wanaoishi mbali, lakini hayawezi kupalilia shamba la mgonjwa, na hakuna anayetazamia mtu aandike humo kwamba wiki hii ameshindwa kusali.

Mahali ambapo umbo la zamani limebaki ni katika vikundi vidogo. Nyumba za ushirika zingali zinakutana Kigezi, Kagera na katikati ya Kenya, nyingi zikiwa na wazee zaidi ya vijana, na kwa upande wa Wakatoliki maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya kaya jirani vinavyokutana kila wiki kusoma Injili na kusaidiana katika ugonjwa na misiba, kuwa msingi wa uhai wa parokia. Jumuiya hizo hazina kukiri hadharani kwa namna ya Uamsho, na huenda zimeepuka madhara yake kwa sababu hiyo, lakini zinafanana nao katika hili kwamba mfiwa anafarijiwa na watu wanaojua mlango wake ulipo. Nazo hudhoofika kwa namna inayofanana, hasa pale mwenye cheo anapohamia mtaani na kuanza kuhudhuria, kwa kuwa wenzake hungoja aseme yeye kwanza, naye hajazoea kusema lolote ambalo hajaliandaa.